UZI: Charles Radbourn alishinda mechi 59 msimu mmoja, ila alichokuwa anakitafuta ni barua ya kuondoka

Fundi Saa (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Mkianza kubishana humu kuhusu rekodi ambazo hakuna atakayezivunja, mjadala hauvuki soka na riadha. Leo naleta mtu wa besiboli, Mmarekani wa enzi zile wachezaji wanadaka mpira kwa mikono mitupu. Anaitwa Charles Radbourn, a.k.a. Old Hoss. Mwaka 1884, akiwa na Providence Grays ya jimbo la Rhode Island, alishinda mechi 59 akiwa mrushaji. Siku hizi mrushaji akifikisha ushindi wa mechi 20 kwa msimu anahesabika kafanya makubwa.

Karibu kila anayemwandika anaishia kwenye hiyo 59 na kuusifia mkono. Mimi naona mkono ni nusu tu ya habari, nusu nyingine ni mkataba. Jamaa aliuweka mkono wake rehani ili klabu imwachie aende zake. Nitafika huko, tuanze na alikotoka.

Alizaliwa Desemba 11, 1854 Rochester, New York, wazazi wake wahamiaji kutoka Uingereza. Familia ikahamia Bloomington, Illinois angali mdogo. Baba yake alikuwa na kazi ya bucha, na kijana naye akapitia humo humo kwenye nyama. Mwaka 1878 akacheza Peoria, 1879 Dubuque kule Iowa. 1880 Buffalo wakamchukua, hiyo sasa ni National League, ligi kuu yenyewe. Akacheza mechi sita, na katika hizo hakurusha hata mpira mmoja, walimweka nafasi nyingine. Bega likamsumbua, wakamtema.

Yaani mtu mwenye msimu mzito kuliko wote katika historia ya mchezo aliingia ligi kuu na kutoka bila kupanda kwenye sehemu ya kurushia.

1881 Providence wakambahatisha. Akashinda mechi 25. Mwaka uliofuata 33. Mwaka 1883 akashinda 48, na Julai 25 mwaka huo aliicheza Cleveland mechi nzima bila kuruhusu mpigaji hata mmoja apige mpira wa kumfikisha kituoni.

Kuna mechi moja ya Agosti 17, 1882 naipenda kuliko zote. Providence na Detroit walikwenda zamu 18 (zamu moja ni kila timu kupata nafasi yake ya kupiga), wakati mechi ya kawaida ni zamu 9, ubao bado unasoma 0-0. Siku hiyo Radbourn hakuwa anarusha, alisimama nyuma upande wa kulia. Aliyerusha zamu zote 18 ni John Montgomery Ward. Zamu ya mwisho Radbourn akaupiga mpira akazunguka vituo vyote, 1-0, watu wakaenda nyumbani. Hilo jina la Ward lishikeni, litarudi.

Naendelea kidogo kidogo, nina kazi mezani.

---

Mama Zai

Nimekaa mkao wa kula. Ila kaka Fundi, wengine besiboli tunaiona kwenye filamu tu. Mrushaji "anashindaje" mechi peke yake wakati uwanjani wako tisa?

---

Fundi Saa

Dada Mama Zai, swali zuri, nilirukia mbele.

Uliwahi kucheza rede utotoni? Yule anayerusha ndiye anaamua mchezo uendeje, na besiboli iko hivyo hivyo. Mrushaji anamtupia mpigaji mpira, mpigaji ana gongo, akikosa mara tatu katoka. Akiupiga vizuri anakimbia kituo kwa kituo mpaka arudi alipoanzia, timu yake inapata pointi. Kwa hiyo timu ikishinda, ushindi unaandikwa kwa jina la mrushaji wake, na ikifungwa, kufungwa kunaandikwa kwake. Mechi 59 maana yake ni hizo, mara 59 Providence ilishinda kwa mkono wake. Alipoteza 12.

---

Ngumi Jiwe

Mkuu, na heshima zote, hizo ni takwimu za ndondo. Enzi hizo nani alikuwa anahesabu? Na wapigaji wenyewe walikuwa wauza nyama kama yeye. Mlete leo hii uone kama atashinda hata tano.

---

Fundi Saa

Ngumi Jiwe, nusu nakubali, nusu nakataa.

Nakubali kwamba mchezo wao haukuwa huu wa leo. Mrushaji alisimama ndani ya boksi, mstari wa mbele ukiwa futi 50 kutoka kwa mpigaji, kama mita 15. Umbali wa sasa, futi 60 na inchi 6, ulianza 1893, Radbourn keshastaafu. Mpigaji alikuwa na haki ya kuagiza mpira uje juu au chini, na mrushaji alilazimika kufuata agizo. Ili mpigaji apewe kituo cha bure, mwaka 1884 National League ilidai mipira mibovu sita, leo ni minne. Kurusha kwa mkono kupita juu ya bega kuliruhusiwa kwenye ligi hiyo mwaka huo huo. Yeye hata baada ya ruhusa aliendelea sana na ule wa kutokea chini, ambao hauchoshi bega kwa kiasi kile.

Nakubali pia kwamba namba kubwa zilikuwepo kabla na baada yake. Will White alirusha zamu 680 mwaka 1879, Radbourn 678 na kitu, kwa hiyo hata kwa zamu yeye siyo wa kwanza. John Clarkson wa Chicago alishinda 53 mwaka 1885. Timu ilikuwa na warushaji wawili, wanapokezana, basi. Ili ujue tulipofika: mtu wa mwisho kurusha zamu zaidi ya 300 kwa msimu ni Steve Carlton, mwaka 1980, na hakuna aliyemfuata.

Ninapokataa ni hapo kwenye ndondo. Hii ilikuwa ligi yenye wachezaji wa kulipwa, mwamuzi na mikataba, na magazeti yalichapisha matokeo ya kila mechi. Wapigaji wanane waliobaki kwenye kila timu walikuwa wanakula kwa kazi hiyo. Na halafu, White na Clarkson hawakuibeba timu iliyobaki na mrushaji mmoja katikati ya msimu. Hiyo ndiyo inakuja sasa.

---

Fundi Saa

Haya, 1884.

Providence walianza msimu na warushaji wawili, Radbourn na kijana kutoka California anaitwa Charlie Sweeney. Kocha Frank Bancroft. Sweeney alikuwa moto kweli kweli. Juni 7 aliwatoa wapigaji 19 wa Boston kwa kuwakosesha mpira katika mechi moja ya zamu tisa. Rekodi hiyo ilikuja kufikiwa na wengine, ila kupitwa ilipitwa na Roger Clemens mwaka 1986, miaka 102 baadaye.

Kijana akawa kipenzi cha mji. Radbourn akanuna. Alikuwa mtu wa maneno machache na kiburi kingi, chupa nayo haikuwa mbali, na aliona klabu inamfanyisha kazi mara mbili kwa mshahara ule ule huku sifa zikienda kwa mwingine. Katikati ya Julai, kwenye mechi na Boston, akapandwa na hasira, akaanza kurusha hovyo mpaka mdakaji wake Barney Gilligan akawa anahangaika nayo. Wakafungwa. Klabu ikamsimamisha.

Siku chache baadaye, Julai 22, Sweeney anarusha dhidi ya Philadelphia. Kalewa. Providence wanaongoza 6-2, Bancroft anamwambia abadilishane nafasi na mwenzake Miller, yeye akasimame nyuma kulia, Miller aje kurusha. Sweeney akagoma, akatoka uwanjani akaenda zake. Sheria ya wakati ule ilikuwa hairuhusu kuingiza mchezaji wa akiba isipokuwa kwa aliyeumia, kwa hiyo Providence wakamaliza na watu wanane. Wakafungwa 10-6.

Klabu ikamfukuza Sweeney. Tafakari hali ilivyo: mrushaji mmoja kasimamishwa, mwingine kafukuzwa, wakurugenzi wanakaa kikao kujadili kama wavunje timu nzima wafunge milango.

Bancroft akamwendea Radbourn.

---

Mama Zai

Sasa kwa nini wasisajili wengine? Marekani yote ile hakuna mtu wa kurusha mpira?

---

Fundi Saa

Mwaka huo dada, wachezaji walikuwa lulu. Kulikuwa na ligi kuu tatu kwa mpigo. Ya tatu, Union Association, ilianzishwa na tajiri wa St. Louis anaitwa Henry Lucas, na yeye alikuwa anawavuta wachezaji wa ligi nyingine kwa pesa. Sweeney mwenyewe alipofukuzwa alikwenda moja kwa moja kwa Lucas. Providence nao ulikuwa mji mdogo, watazamaji wachache, hazina nyepesi. Sokoni pangekuwa na mtu, wangemnunua na nini?

Sasa mkataba. Naomba umakini hapa kuliko kwenye namba.

Mwaka 1879 wenye timu wa National League walikaa wakakubaliana kimyakimya, wazo likitoka kwa Arthur Soden, mwenye timu ya Boston. Kila klabu itaje wachezaji watano ambao klabu nyingine haziruhusiwi kuwagusa, hata mkataba wao ukiisha. Baadaye wakapandisha mpaka kumi na moja, yaani kikosi kizima. Kifungu cha kumhodhi mchezaji. Ulikuwa unasaini mwaka mmoja, ukiisha huna pa kwenda ila kwa bosi yule yule kwa bei anayotaka yeye. Ukikataa, unarudi buchani.

Radbourn alipokaa na Bancroft na wakurugenzi, yeye alijua wamekwama. Makubaliano yakawa hivi: atarusha mechi zilizobaki, klabu itamwongezea fedha, na msimu ukiisha itamfungulia, hawatamhodhi. Awe huru kwenda anakotaka.

Kuanzia hapo mpaka ubingwa ulipopatikana mwishoni mwa Septemba Providence walicheza mechi 43, na 40 kati ya hizo alizianza yeye. Akashinda 36. Kati ya hapo mechi 18 alizishinda mfululizo. Katika msimu mzima alianza mechi 73 na zote 73 akazimaliza mwenyewe, hakupokewa hata moja. Aliwakosesha wapigaji 441, na wastani wa pointi alizoruhusu kwa kila zamu tisa, bila kuhesabu zilizotokana na makosa ya wenzake, ni 1.38. Providence wakachukua ubingwa wa ligi kwa ushindi 84 na kufungwa 28, Boston wakiwa wa pili kwa mbali.

Mkono ulilipia. Inasimuliwa kwamba asubuhi alikuwa hawezi kuunyanyua hata kuchana nywele. Alikuwa anatangulia uwanjani, anaanza kurusha karibu karibu, polepole, kama mtoto, kisha anarudi nyuma hatua chache, tena na tena, mpaka mpira unafika kutoka mbali. Wenzake wakimwona kafika umbali ule ndiyo wanaanza kutabasamu, maana wameshajua mechi imekwisha.

---

Mtu wa Nakuru

Fundi, hii story imenibamba. Lakini hiyo sheria ni kama ile ya soka Ulaya kabla ya Bosman. Mkataba umeisha na klabu bado inakushika.

---

Fundi Saa

Ndiyo hiyo hiyo, Mtu wa Nakuru. Jean-Marc Bosman alishinda kesi yake Desemba 1995. Kwenye besiboli kifungu cha kuhodhi kilidumu mpaka 1975, msuluhishi Peter Seitz alipoamua kwamba Andy Messersmith na Dave McNally wako huru. Kabla yao Curt Flood alipambana mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, akashindwa 1972. Kwa hiyo Radbourn alichopata 1884 ni kitu ambacho wachezaji wengine walisubiri karibu karne nzima kukipata kama haki. Yeye alikipata kwa kuwakaba wenye klabu wakati wa shida yao. Wapo wanaomwita msaliti aliyetaka kuuza timu. Mimi simlaumu hata kidogo, wangekuwa na mrushaji mwingine wasingempokea hata salamu.

---

Ngumi Jiwe

Nimeelewa sasa, nafuta neno ndondo. Akaondoka?

---

Fundi Saa

Hapo ndipo penye utamu.

Kwanza kulikuwa na fainali. Oktoba 23 mpaka 25, Providence walikwenda New York kucheza na Metropolitans, mabingwa wa ligi ya pili, American Association. Hiyo ndiyo inayotajwa kama mtangulizi wa World Series ya leo. Mechi tatu, siku tatu mfululizo, mrushaji ni Radbourn siku zote tatu. Akashinda zote. Ya kwanza 6-0 dhidi ya Tim Keefe, naye si mtu wa mchezo, ana ushindi zaidi ya 300 maishani. Siku ya tatu baridi kali, watazamaji wachache mno, Providence hawakutaka kucheza. Wakaambiwa basi chagueni mwamuzi mnayemtaka, wakamchagua Keefe huyo huyo, mrushaji wa wapinzani! Akachezesha, timu yake ikafungwa.

Wakarudi Providence. Wakurugenzi wakatimiza ahadi. Wakamwekea mezani karatasi mbili, moja mkataba mpya wa 1885, nyingine barua ya kufunguliwa. Chagua.

Akasaini mkataba.

Nimejiuliza sana kwa nini. Nionavyo mimi, alitaka iwe yeye anayeamua, na ilipokuwa yeye anayeamua hakuwa tena na ugomvi na mtu. Mwingine atasema alikuwa na mwanamke Providence, na kweli alikuwa naye, Carrie Stanhope, aliyekuja kuwa mkewe. Yote yanawezekana kwa pamoja.

---

Kasuku wa Illinois

Wakuu, naingia kutoka huku Marekani, Illinois. Bloomington ni kama saa mbili na ushee kwa gari kutoka Chicago. Radbourn kazikwa kwenye makaburi ya Evergreen, makaburi hayo hayo waliyozikwa akina Adlai Stevenson, makamu wa rais na mjukuu wake aliyegombea urais mara mbili. Wamarekani wengi wa rika langu huku hawamjui kwa ushindi. Wanamjua kwa picha ya kidole. Fundi, usiiruke hiyo.

---

Fundi Saa

Siiruki, ndugu Kasuku, nilikuwa naifikia.

Baada ya 1885 Providence ilikufa. Boston wakamchukua, yaani akaangukia mikononi mwa Soden, yule yule mwenye wazo la kuwahodhi watu. Siku ya ufunguzi wa msimu wa 1886 Boston na New York walipiga picha ya pamoja. Mstari wa nyuma kushoto, Radbourn kamwonyesha mpiga picha kidole cha kati, uso mkavu kabisa. Inatajwa kuwa picha ya zamani zaidi inayojulikana ya mtu akitoa tusi hilo. Mwaka uliofuata kwenye kadi ya sigara za Old Judge, ndani ya pakiti ya sigara watu wananunua dukani, akaonekana karudia tena, safari hii mkono kauweka kiunoni kwa ustadi. Miaka ya Twitter kuna mtu akafungua akaunti kwa jina lake akawa anawatukana wachezaji wa leo, ikapendwa sana.

Boston hakuwa yule wa 1884. Mwaka 1886 alipoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda, 1888 ndiyo kabisa, 7 kwa 16. Mkono ulikuwa umeshatumika.

Sasa mkumbuke Ward. Yule mrushaji wa zamu 18 alikuja kusomea sheria, na mwaka 1885 akaongoza kuanzisha chama cha wachezaji. Mwaka 1890 wachezaji wakatoka kwa wingi wakaanzisha ligi yao wenyewe, Players' League, bila kifungu cha kuhodhi. Radbourn, mtu wa miaka 35 na bega bovu, akahama na kina Ward. Akashinda mechi 27 akapoteza 12, na timu yake ya Boston Reds ikachukua ubingwa wa ligi hiyo. Ndiyo maana nasema ukimsoma kwa namba tu unampoteza. Msimu wake mzuri wa mwisho ulikuja kwenye ligi isiyomhodhi mtu.

Ligi ilidumu mwaka mmoja, pesa zikaisha. Akamalizia Cincinnati 1891. Jumla ya ushindi wake ni 309.

Yaliyofuata ni mafupi na machungu. Akafungua baa yenye meza za biliadi Bloomington. Mwaka 1894 akapata ajali ya bunduki mawindoni, jicho moja likapotea na uso ukaharibika. Akawa anakaa chumba cha nyuma cha baa yake, hataki watu wamwone. Kaswende nayo ilikuwa imeshafika kwenye ubongo. Akafariki Februari 5, 1897, miaka 42. Waliomwingiza kwenye ukumbi wa mashujaa wa besiboli kule Cooperstown walifanya hivyo 1939.

Na Sweeney kwa waliouliza PM: alirudi San Francisco, mwaka 1894 akaua mtu kwenye ugomvi, akafungwa, akafa 1902 kwa kifua kikuu.

---

Mtu wa Nakuru

Nimegoogle sasa hivi, sehemu nyingine wameandika 60, siyo 59. Ni gani?

---

Fundi Saa

Ubishi wa mechi moja hiyo, ya Julai 28, 1884 dhidi ya Philadelphia. Aliyeanza ni Miller, akarusha zamu tano, akatoka timu ikiwa inaongoza. Radbourn akaingia akamalizia zamu nne. Enzi zile ushindi haukuwa na kanuni ya kuugawa kama sasa, na waliohesabu zamani walimpa Radbourn. Kwa kanuni ya leo, aliyeanza akirusha zamu tano na akatoka akiongoza, ushindi ni wake, kwa hiyo ni wa Miller. Ndiyo maana kuna rekodi zinazosema 59 na nyingine 60.

Mimi naandika 59. Miller ndiye aliyeitwa kuja kurusha siku Sweeney alipoondoka, na baada ya ile 10-6 bado alikubali kuanza mechi nyingine. Mwachieni hiyo moja.

---

Ngumi Jiwe

Aachiwe. Fundi, fungua uzi wa Ward, tupo.